Barua, Albamu na Kumbukumbu za Koo: Namna ya Kuzikusanya, Kuzisoma na Kuzitunza

Makala hii inahusu ukusanyaji wa barua, albamu za picha na vitu vya kumbukumbu vya koo na familia zilizojulikana za Unguja, Pemba, Mombasa na Omani. Nitaeleza vitu vinavyopatikana, namna ya kuvisoma na kuvijulia tarehe, mahali ambapo makusanyo makubwa yamehifadhiwa, namna ya kuvitunza katika joto la huku Ghuba, na adabu anayotakiwa kuwa nayo mtu anayeshika karatasi za wenzake. Mimi si mwanahistoria. Nilikuwa karani wa mafaili, kwanza Dar es Salaam na baadaye Maskati, na tangu nistaafu jamaa na majirani huniita niwapangie makaratasi ya wazee wao. Ninayoyaandika hapa nimejifunza katika kazi hiyo, na jambo la kwanza nimejifunza kwa kosa langu mwenyewe.

Bahasha nilizozitupa

Nilikuwa na umri wa miaka 10 hivi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1950. Asubuhi nilisoma skuli ya misheni, jioni nilikwenda chuoni kwa maalim, kwa hiyo nilikuwa mtoto anayesoma khati zote mbili, ya Kizungu na ya Kiarabu. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa ukoo mkubwa, mwenye ndugu Maskati, Mombasa na Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri tena. Akiniita nimsomee barua zake, na ujira wangu ulikuwa stempu. Watoto wa skuli tulishindana kwa stempu kama watoto wa leo wanavyoshindana kwa simu. Nilikata pembe ya bahasha, nikailoweka majini mpaka stempu ikabanduka, na bahasha yenyewe nikaitupa.

Zaidi ya miaka 50 baadaye mjukuu wa bibi yule alinijia nyumbani, hapa Maskati, na mfuko wa barua za bibi yake. Zilikuwa barua 41. Hapana hata moja yenye bahasha. Waandishi wengi hawakuweka mwaka, waliandika siku na mwezi basi. Mmoja anajiita "mwanao", mwingine "nduguyo akupendaye". Jina kamili, mji, na muhuri wa posta wenye tarehe vyote vilikuwa juu ya bahasha. Nilijua nani aliyezitupa. Siku ile nilinyamaza, wiki ya pili nilimweleza, naye akasema, "Babu, ulikuwa mtoto." Ilinichukua miezi kuzipanga barua 30. Zile 11 zilizobaki hadi leo sijui nani kaziandika.

Tangu siku ile neno langu la kwanza kwa kila mtu ni hilo. Thamani ya karatasi ya zamani iko katika yale yanayoifungamanisha na nyingine: bahasha yake, mfuatano wake, jina lililoandikwa nyuma ya picha, na mtu aliye hai anayejua habari yake. Ikitengwa na hayo, hata barua ya mtoto wa mfalme hubaki karatasi tu.

Vitu vinavyopatikana

Katika makasha na mikoba ya familia zetu nimekuta aina nne.

Ya kwanza ni barua za watu kwa watu: mume aliye safarini na mkewe, mtoto aliyepelekwa masomoni Cairo au London na wazazi wake, dada aliyeolewa Mombasa na ndugu zake wa Pemba. Hizi ndizo zinazotupwa mapema, kwa kuwa warithi huona ni salamu tupu. Lakini ndani ya salamu mna bei ya karafuu, maradhi, posa zilizokataliwa, na nani alikuwa hasemi na nani.

Ya pili ni hati: za ndoa na talaka, wakfu, mirathi, mauziano ya mashamba, madeni, pasi za kusafiria. Hizi watu huzitunza kwa kuwa wanadhani zina mali ndani yake.

Ya tatu ni albamu na picha za ukutani.

Ya nne ni vitu: jambia, mrashi na cheteso, kikuku, joho la babu, barakoa ya bibi, kadi za mialiko ya kasri, nishani alizotunukiwa mtu na Sultani. Kitu bila maelezo hukaa kimya. Nimeona mrashi wa fedha ambao familia nzima inaupenda na hakuna anayejua ulitoka kwa bibi mzaa baba au bibi mzaa mama.

Kuisoma khati

Barua nyingi za kabla ya vita vya pili ni za Kiarabu, au ni za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Vijana wetu wa huku wanasoma Kiarabu vizuri, na bado barua hizi huwashinda. Sababu ni kwamba herufi za Kiarabu hazikuundwa kwa sauti za Kiswahili. Waandishi wengi wa zamani walitumia ba kwa b na p, fa kwa f na v, na shin kwa sh na ch. Irabu za Kiswahili ni tano na alama za Kiarabu ni tatu, kwa hiyo e na i huandikwa sawa, na o na u vivyo hivyo. Tena sauti ya m au n iliyo mbele ya konsonanti, kama katika mb na nd, mara nyingi haikuandikwa kabisa.

Kijana mmoja hodari wa Kiarabu alinisomea barua ya babu yake mfanyabiashara: "Nimekuletea magunia 20 ya bata." Tulicheka sana. Neno lile laweza kuwa bata, au pata, au mbata, yaani nazi kavu. Mfanyabiashara wa pwani hapeleki bata kwenye magunia. Asiyeijua mbata haijui barua ile, ajapokuwa na Kiarabu cha Azhar. Kwa hiyo khati hizi zinahitaji watu wawili waketi pamoja, mzee mwenye Kiswahili cha zamani na kijana mwenye macho. Wazee hao tunapungua kila mwaka.

Tazama pia mwisho wa barua. Neno "biyadihi" lina maana aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Likiwepo "katabahu" na jina jingine, basi mwandishi ni karani, na mwenye barua alisema tu. Barua nyingi za mabibi ziliandikwa hivyo. Liandike jina la karani huyo nalo, maana aghlabu hilo ndilo pekee lililobaki la mtu yule duniani. Na juu ya bahasha za zamani ukiona tarakimu 8642, hiyo si bei wala namba ya sanduku la posta. Ni "badduh", tarakimu zilizoandikwa kwa kutaraji barua ifike salama.

Kujua tarehe

Barua isiyo na mwaka haijapotea. Hizi ndizo alama ninazozitumia.

Mwaka wa Hijria. Kuupata mwaka wa Kizungu kwa kukisia, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Kwa mfano 1345 hutoa 1926 na nusu, na kweli mwaka ule ulianza Julai 1926. Kwa siku hasa tumia jedwali, na kumbuka kuwa mwandamo hutofautiana siku moja baina ya mji na mji. Mapinduzi ya Zanzibar, tarehe 12 Januari 1964, yalitokea mwishoni mwa Shaabani 1383, siku chache kabla ya Ramadhani. Barua yenye "Ramadhani 1383" iliyotoka Unguja isome polepole.

Saa. Katika barua hizi saa 12 ni magharibi au alfajiri, kama tunavyohesabu kwa Kiswahili. Usiihamishe kwenye saa za Kizungu bila kuandika kuwa umeihamisha.

Fedha. Unguja ilitumia rupia hadi mwisho wa 1935, na shilingi kuanzia 1936. Omani ilitumia rupia na riale za Maria Theresa hadi ilipotoa riyali yake mwaka 1970.

Majina ya miji. Usumbura iligeuka Bujumbura na uhuru wa Burundi. Elisabethville na Leopoldville zilibadilishwa kuwa Lubumbashi na Kinshasa mwaka 1966. "Tanganyika" bila ya Tanzania kwa kawaida ni kabla ya 1964.

Stempu. Zanzibar ilianza mwaka 1895 kwa stempu za India zilizopigwa chapa ya jina lake, na 1896 zikaja zenye picha ya Sultani Hamed bin Thuwain. Tangu hapo sura ya Sultani aliye kitini ni kalenda: Khalifa bin Harub alitawala 1911 hadi 1960, Abdullah bin Khalifa hadi 1963, na Jamshid bin Abdullah miezi michache tu. Baada ya mapinduzi stempu zilezile zilipigwa chapa "Jamhuri 1964". Barua za Maskati zilikuwa na stempu za India, kisha za Uingereza zenye thamani ya rupia, mpaka 1966 zilipotoka za "Muscat and Oman". Jina la Usultani wa Omani lilifuata baada ya 1970. Haya yote niliyajua tangu utotoni, na ndiyo faida pekee niliyoipata kwa stempu zile.

Picha, na waliosimama pembeni

Biashara ya picha Unguja iliendeshwa zaidi na Magoa. Nyuma ya kadi au pembeni mwake tafuta majina A. C. Gomes, J. B. Coutinho na Pereira de Lord. Baadaye, kuanzia 1930, ipo Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, aliyepiga picha za kasri na za mitaa pia. Muhuri wa mpiga picha husaidia kukisia miaka, kwa hiyo usikate ukingo wa kadi ili iingie kwenye fremu. Picha ya kadi ya posta ambayo upande wa nyuma haukugawanywa mara mbili, mahali pa ujumbe na mahali pa anwani, kwa kawaida ni ya miaka ya mwanzo kabisa ya 1900 au kabla yake.

Kazi kubwa katika picha ni majina. Familia iliniita niwapangie albamu ya babu yao. Palikuwa na picha ya barazani: bwana mkubwa kwenye kiti na jambia yake, wanawe wanne kwa mpangilio wa umri, na majina yao chini kwa wino mzuri. Nyuma yao, karibu na mlango, amesimama mwanamke wa makamo amebeba mtoto mchanga. Chini yake hapana kitu. Mjukuu mmoja alitaka ile sehemu ya mlango ikatwe ili picha ipendeze ukutani. Nikamwomba asubiri. Tukampelekea bibi yao, mwenye miaka 88, ambaye siku nyingine hawakumbuki wanawe. Aliitazama picha muda mrefu, akataja jina la yule mwanamke na jina la kijiji alichotoka mamake, akasema, "Huyu ndiye aliyenilea. Mtoto huyo ni mimi."

Bibi wa nyumba ile alikuwa yumo katika sehemu iliyotakiwa kukatwa.

Jambo hili lina uzito wake, na si vizuri kulipita. Nyumba kubwa za Unguja zilikuwa na watumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na kwa masuria mwaka 1909. Watu wengi waliosimama pembeni katika picha za miaka ile walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Majina yao hayakuandikwa, na wajukuu wao wapo, baadhi yao hapa hapa Ghuba, wanatafuta nasaba na hawaipati. Ukiwa na albamu ya ukoo uliotajika, huenda una picha pekee ya nyanya ya mtu mwingine. Uliza kila sura. Andika kila jina. Ukiona haya kwa historia hiyo, ni haya yenye sababu. Lakini mkasi hauifuti.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, mamake alikuwa suria wa Kicherkezi. Tunajua kuwa mama huyo aliitwa Jilfidan kwa sababu binti yake alijifunza kuandika kwa siri na akaliweka jina lile katika kitabu.

Makusanyo makubwa yako wapi

Mfano bora wa karatasi za ukoo zilizobaki pamoja ni za Sayyida Salme huyo huyo. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete, na mumewe akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870. Kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886. Aliandika pia barua ndefu kwa rafiki wa nyumbani Unguja ambazo hazikuchapishwa katika uhai wake. Alifariki Jena mwaka 1924, na tafsiri ya Kiingereza ya barua hizo ilitoka 1993. Mwanawe Rudolph Said-Ruete alikusanya vitabu, picha na karatasi za familia akazikabidhi Leiden, Uholanzi, na leo mtafiti anazikuta katika maktaba ya chuo kikuu cha huko. Angezigawa kwa jamaa, kila mmoja kipande, tusingekuwa na kitu cha kusoma.

Mfano wa mkusanyaji asiye wa ukoo ni Mwingereza Humphrey Winterton. Picha alizokusanya za Afrika Mashariki, za miaka 1860 hadi 1960, zaidi ya 7,000, zilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 2002, na nyingi zinaonekana bure kwenye mtandao. Nendeni mkazitazame na wazee wenu. Nyuso nyingi mle hazina majina, na mzee wako huenda akamjua mmoja.

London, maktaba ya SOAS ina miswada ya Kiswahili kwa khati ya Kiarabu iliyokusanywa na William Taylor na William Hichens. Dar es Salaam, maktaba ya chuo kikuu ina miswada iliyokusanywa na J. W. T. Allen, na orodha yake ilichapishwa 1970. Unguja, Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani zina mafaili ya wakfu, mirathi na mauziano ya mashamba. Anayetaka kujua jina lililo katika barua yake ni la nani, mara nyingi hulikuta huko.

Hapa Omani, Hay'a ya Taifa ya Nyaraka na Kumbukumbu iliundwa 2007, na inashughulika pia na nyaraka zilizo mikononi mwa watu. Kabla ya kukabidhi, omba maandishi yanayosema wazi kama unatoa asili au nakala, na nani ataruhusiwa kuzisoma. Na makumbusho ya Bait Al Zubair, Maskati, yaliyofunguliwa 1998, yameonyesha kuwa makusanyo ya familia moja yanaweza kufunguliwa kwa watu wote bila ya kutawanywa.

Nyingi hazikubahatika hivyo. Baada ya 1964 wapo waliochoma picha zao kwa hofu, wapo waliokimbia na nguo walizovaa, na wapo waliofukia. Nyingine zimeishia kwa wauzaji. Mfanyabiashara mmoja alinunua albamu ya watu ninaowajua, akaichanachana, akauza picha moja moja kwa kuwa ndivyo inavyolipa zaidi. Warithi walipojua, walizipata 9 tu. Hakuvunja sheria yoyote. Waliomuuzia ni wao wenyewe, wiki moja baada ya hitima.

Kutunza katika hali ya hewa ya Ghuba

Adui wa karatasi huku ni joto, unyevu wa baharini, jua, wadudu, na nia njema ya wenye nyumba. Haya nayasema kila ninapoitwa.

Usiweke plastiki ya moto juu ya barua au hati. Haibanduki tena bila kuiharibu. Usitumie selotepu, gundi yake huwa ya manjano na hula wino. Albamu za miaka ya 1970 zenye karatasi ya kunata na plastiki juu zinaharibu picha. Zitoe pole pole, na isiyotoka usiivute, ipige picha ilipo.

Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, ukingoni, bila kukandamiza. Wino hupenya.

Tumia maboksi na bahasha za karatasi isiyo na asidi. Ukizikosa, karatasi nyeupe safi baina ya kila barua ni bora kuliko mfuko wa plastiki. Pini na klipu za chuma zitoe, hushika kutu.

Weka ndani ya kabati katika chumba kinachokaa baridi sawasawa, si stoo ya juu ya dari wala gereji. Usifukize udi katika chumba hicho, na naftalini isiguse karatasi.

Usiweke chini sakafuni. Kimbunga cha Gonu cha Juni 2007 na Shaheen cha Oktoba 2021 viliingiza maji majumbani, na kasha huwa la mwisho kukumbukwa watu wanapookoa watoto.

Piga nakala kwa skana: barua kwa 300 dpi, picha kwa 600. Piga pande zote mbili, hata upande ulio mtupu, na bahasha pia. Nakala iliyotumwa kwa WhatsApp imebanwa na imepungua. Hiyo ni ya kuonyeshana, si ya kuhifadhi. Weka nakala katika nyumba mbili, na kama inawezekana katika nchi mbili. Sehemu ya Beit el-Ajaib ilianguka Disemba 2020, jengo lililosimama tangu enzi ya Sayyid Barghash. Kama jengo lile limeanguka, kabati lako si imara zaidi.

Adabu na haki

Barua ni mali ya aliyepelekewa na warithi wake, kama karatasi. Maneno yaliyomo, kwa sheria za haki ya mtunzi katika nchi nyingi, ni ya aliyeandika na warithi wake. Kwa hiyo kuwa nayo mkononi hakukupi ruhusa ya kuichapisha. Tafuteni idhini, na iwe ya maandishi.

Na iko siri. Nilipokuwa mtoto nikimsomea bibi yule, alinifundisha kitu ambacho skuli hawakunifundisha. Nikifika mahali pa aibu alikuwa akisema, "Hapo soma moyoni, kisha nipe barua." Nimeendelea hivyo. Nikikuta talaka ya aibu, deni, au mtoto asiyetajwa, siisomi mbele ya kadamnasi. Naiweka katika bahasha peke yake, naandika juu yake "isomwe na fulani tu", na mwaka ambao inaweza kufunguliwa, aghlabu baada ya wote waliotajwa kufa. Siichomi, wala simruhusu mtu aichome kwa hasira ya siku ile. Kuna dada mmoja alichoma barua za baba yake kwa mke wa pili. Miaka 6 baadaye watoto wa mke yule walihitaji kuthibitisha ndoa ili warithi, na ushahidi ulikuwa mle.

Sitara na usahaulifu ni vitu viwili. Sitara inafunika na kuweka.

Namna ya kuanza

Mtu akifariki, familia ikubaliane kuwa karatasi hazitaguswa mpaka miezi 3 ipite. Ufunguo wa kasha apewe mmoja, si mwenye nguvu bali mwenye subira.

Usipange upya siku ya kwanza. Piga picha kasha lilivyo, andika kipi kilikuwa juu na kipi chini. Mwenye kasha alikuwa na sababu zake, na barua mbili zilizofungwa kwa uzi mmoja zimefungwa hivyo kwa maana.

Tengeneza daftari la orodha: namba, aina, nani kwa nani, tarehe iliyoandikwa, tarehe uliyokisia na sababu yake, mji, khati, na nani aliyekueleza. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Andika "ameeleza shangazi, tarehe fulani", kwa kuwa shangazi mwingine atasema vingine, na zote mbili ni kheri ziwepo.

Kaa na wazee kwa nusu saa, si zaidi, na picha 5 au 6 tu. Rikodi sauti kwa idhini yao. Anza na picha wanazozipenda. Usiwasahihishe.

Mwisho, amueni mapema zitakwenda wapi: kwa mmoja wenu, kwa makumbusho, au kwa nyaraka za taifa. Msigawane barua kama mnavyogawana mashamba. Gawaneni nakala, asili ikae pamoja.

Yule mjukuu wa bibi yetu wa Unguja sasa ana barua zake 41 katika maboksi mawili. Za 30 zina majina. Za 11 nimeziandikia juu kwa penseli: "Bahasha zilitupwa na mtoto wa jirani, Unguja, takriban 1959." Nimeona ni haki iwemo katika orodha. Huenda yuko msomaji, Maskati, Dubai au London, ambaye nyumbani kwao zimo barua za majibu.